Kwenda Longchang: safari ya kumfuata mwalimu aliyechapwa viboko

Nimerudi Tanga, mizigo imefunguliwa, na sasa naandika kwa kufuata daftari na picha za kwenye simu. Kozi ya walimu niliyokuwa nikisoma Jinhua, mkoa wa Zhejiang, iliisha mwanzoni mwa Aprili, na viza yangu ilikuwa bado hai. Wenzangu walikwenda Yiwu kununua bidhaa za kurudi nazo. Mimi nilikuwa nimeshaamua: naenda mkoa wa Guizhou, mahali panapoitwa Longchang.

Huko ndiko alikofika kwa adhabu Wang Yangming, mwalimu na mwanafalsafa, mwaka 1508, baada ya kuandika barua moja kwa mfalme. Sisi walimu tunaujua uhamisho wa adhabu. Unafungua bahasha, unakuta jina la shule ambayo hata dereva wa basi hajawahi kuisikia. Niliposoma kwamba mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa China alipewa bahasha ya namna hiyo, na kwamba kazi yake kubwa ilianzia kule kule alikotupwa, nilitaka kupaona kwa macho yangu.

Jumamosi: Yuyao

Kutoka Jinhua unapanda treni hadi Hangzhou, unabadilisha, kisha unashuka Yuyao. Nauli zote mbili hazikufika yuan 200, na yuan moja wakati ule nilikuwa naihesabu kama shilingi 360 za kwetu. Tiketi hukatwa kwa pasipoti. Kwenye geti la kuingilia, mashine nyingi husoma vitambulisho vya wenyeji. Mgeni anapita kwa mhudumu wa pembeni, na foleni yake huwa ndefu. Fika mapema.

Yangming alizaliwa hapa mwaka 1472, akapewa jina la Wang Yun, maana bibi yake aliota mtoto akiletwa kutoka mawinguni. Wanasimulia kwamba hakutamka neno hadi umri wa miaka mitano, ndipo wakambadilisha jina akawa Shouren. Hilo la Yangming alijipatia ukubwani. Baba yake, Wang Hua, aliongoza mtihani wa taifa zima mwaka 1481. Kwa hiyo tusimfikirie kama mtoto wa kabwela. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza na kula mshahara wake vizuri.

Mvua ilinikuta uani kwenye nyumba ya ukoo wao. Mlinzi wa geti aliniona nimejibanza chini ya upenu, akaja na mwavuli wake mwenyewe, akanionyesha kwa mkono kilima cha Longquan kilicho jirani. Kule juu kuna banda la Zhongtian, alilofundishia miaka ya 1520 alipokuwa akirudi nyumbani. Ngazi zilikuwa zinateleza. Niliporudisha mwavuli, mlinzi alikuwa ameshanimiminia chai.

Jumapili: Hangzhou

Nilikwenda moja kwa moja ukingoni mwa mto Qiantang, kwa sababu hapa ndipo kisa kinapokolea.

Mwaka 1505 alitawazwa mfalme Zhengde, kijana ambaye hata miaka kumi na mitano hakuwa ametimiza. Nguvu zikaangukia mikononi mwa towashi Liu Jin. Maofisa wa Nanjing waliompinga, akina Dai Xian, walikamatwa. Wang Yangming, wakati huo ofisa wa wizara ya vita, aliandika barua ya kuwatetea, akisema kwamba kazi yao ni kusema, na mfalme akiwaadhibu kwa kusema hakuna atakayethubutu tena kumweleza ukweli. Jibu lilikuwa jela na viboko 40 mbele ya watu, kisha amri ya kwenda kuhudumu katika kituo cha matarishi cha Longchang, nyikani kusini-magharibi.

Wanafunzi wake waliacha simulizi kwamba Liu Jin alituma watu wamfuate njiani wamuue. Alipofika kwenye mto huu aliacha viatu ukingoni pamoja na shairi la kuaga, ionekane amejitosa majini, kisha akapanda jahazi usiku. Nilikaa muda mrefu nikiutazama mto. Ni mpana, maji yake ya rangi ya udongo, na mtu akiacha viatu pale hakuna atakayeshangaa kwamba hakuonekana tena.

Jioni ilikuwa ngumu. Hoteli niliyokuwa nimeilipia kwa simu ilikataa kunipokea, eti haipokei pasipoti za nje. Kijana mmoja aliyekuwa akingojea lifti alisikia, akapiga simu sehemu tatu, akanisindikiza kwa miguu hadi nyumba ya wageni iliyonikubali kwa yuan 160. Alikataa hata soda. Ushauri kwa watakaofuata: kabla ya kulipia chumba, tuma ujumbe uulize kama wanapokea wageni wa kigeni, na hifadhi jibu lao. Risiti za malipo nazo zitunze. Mimi fedha zangu zilirudi baada ya siku mbili.

Jumatatu: treni ya Guiyang

Nauli ya daraja la pili hadi Guiyang, mji mkuu wa Guizhou, ilizidi yuan 700. Ni safari ya kutwa nzima, na kwangu ilikuwa sehemu tamu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu reli hii inapita karibu kabisa na njia aliyopita Yangming. Shangrao, Yichun, Pingxiang, Liling, Changsha: kila kituo kilipotangazwa nilikuwa nimeshakutana na mahali hapo katika mashairi yake ya safari. Yeye alitumia miezi, kwa mashua na kwa miguu, akilala kwenye mahekalu. Migongo ya viboko haiponi upesi, na kikohozi alichokuwa nacho hakikumwacha hadi kufa.

Changsha alivuka mto akaenda chuo cha Yuelu, alikowahi kufundisha Zhu Xi. Hapa niliweka daftari chini nikafikiri. Zhu Xi ndiye ambaye ufafanuzi wake wa vitabu vya Confucius ulikuwa msingi wa mitihani yote ya serikali katika zama za Yangming. Lakini Zhu Xi huyo huyo, miaka 300 nyuma, alivuliwa vyeo, mafundisho yake yakapigwa muhuri wa "elimu ya uongo", akafa mwaka 1200 marufuku ikiwa bado haijaondolewa. Ujana wake Yangming alijaribu kumfuata Zhu Xi neno kwa neno: kama kila kitu kina kanuni yake ndani, basi tuanze na mianzi. Rafiki yake alikaa akiitazama mianzi kwa siku tatu akazidiwa. Yeye alifika siku ya saba, akaugua.

Baada ya Huaihua ni mahandaki, giza, mwanga, giza.

Chakula ndani ya treni ni ghali na kwa Mwislamu hakina uhakika. Kila behewa lina bomba la maji ya moto bure, kwa hiyo beba tambi zako, chai yako, na kikombe kisichoyeyuka. Bibi aliyekaa karibu nami alikuwa na mayai ya kuchemsha kwenye mfuko. Alinipa mawili bila kuuliza, akanimenyea na chungwa, akaniambia kwa kupitia programu ya kutafsiri kwamba mwanawe yuko Zambia anajenga barabara na kwamba anaomba watu wa huko wamlishe vizuri.

Jumanne: Guiyang

Wachina husema kwamba Guizhou hakuna siku tatu za jua, hakuna nchi tambarare hata mwendo mfupi, na hakuna mtu mwenye senti tatu. La senti limepitwa na wakati, mji una maghorofa hadi milimani. Ya jua na milima ni kweli tupu. Manyunyu yalianza nilipotoka kituoni na hayakukatika, na baridi yake ni ya Lushoto mwezi wa Julai. Usije na shati moja.

Kula ni raha hapa. Kuna vikaratasi vya unga wa mchele vyeupe unavyovisokotea mboga za kila aina, ukamiminia mchuzi wa pilipili na siki. Kuna samaki wa mchuzi mchachu. Kuna na mzizi mmoja mweupe wenye harufu kali unaotiwa karibu kila kachumbari, ambao sikuuzoea. Tambi maarufu za asubuhi huwa na utumbo na damu ya nguruwe, basi anayejizuia aulize. Migahawa ya Waislamu wa Kihui yenye bango la kijani iko mitaa mingi. Sahani kubwa ya tambi na nyama ya ng'ombe haikuzidi yuan 20, na mwenye mgahawa aliposikia salamu yangu aliniongezea nyama.

Mchana nilipanda kilima cha Fufeng, kwenye hekalu la kumbukumbu ya Yangming. Mwaka 1509, akiwa bado mtu wa adhabu, mkuu wa elimu wa mkoa, Xi Shu, alimwalika kufundisha mjini Guiyang. Fikiria ujasiri wa Xi Shu. Liu Jin alikuwa bado hai na ana nguvu. Somo alilotoa Yangming ndilo linalomtambulisha hadi leo: kujua na kutenda ni jambo moja, na mtu anayesema anajua haki lakini haitendi, bado hajaijua.

Jumatano: Longchang

Longchang sasa ni mji wa wilaya ya Xiuwen, kama kilomita 40 kaskazini mwa Guiyang. Basi dogo linatoza chini ya yuan 20, ila haliondoki mpaka lijae. Siku ile barabara ilikuwa inafukuliwa, na mwendo wa saa moja ukala asubuhi yote. Tulishuka, tukasubiri, tukapanda. Mama mmoja mwenye kapu la viazi vya kuchoma aligawa kwa basi zima na kukataa kulipwa, kisha akamwamuru dereva asinishushe stendi bali mbele, karibu na kilima. Mashamba ya kiwi yalikuwa yanaanza kutoa majani.

Pako kwa namna mbili. Upande mmoja wamejenga bustani kubwa ya kisasa yenye viwanja na sanamu refu. Nilipita haraka. Upande wa pili kuna kilima cha Longgang chenyewe, kifupi, chenye mawe ya chokaa na miti mikubwa, na hapo sikutaka kuondoka.

Yangming alipofika hapa hakukuwa na nyumba ya kumpokea. Alijenga kibanda cha nyasi ambacho, kwa maneno ya shairi lake, hakikufika mabegani. Kisha akahamia pangoni. Niliingia ndani nikiwa na koti na bado nilitetemeka. Maji yanadondoka, sakafu haikauki. Alikuja na watumishi, na wote waliugua. Yeye, mtoto wa mshindi wa kwanza wa mtihani wa taifa, ndiye aliyechanja kuni, akateka maji, akawapikia uji, na uji uliposhindwa kuwachangamsha akawaimbia nyimbo za kwao Zhejiang na kuwatolea mizaha.

Wasimulizi wengi hukimbilia usiku mmoja: amejitengenezea jeneza la jiwe, anakaa mbele yake akingoja kifo kutoka kwa Liu Jin, na katikati ya usiku anaruka akipiga kelele kwamba njia ya wahenga imo tayari ndani ya mtu mwenyewe, na kuitafuta nje, katika vitu, lilikuwa kosa. Usiku huo ni mkubwa, sikatai. Lakini nikiwa pale pangoni niliwafikiria zaidi wengine. Watu wa hapa walikuwa wa makabila ya Wayi na Wamiao, ambao maofisa wa dola waliwaita washenzi. Hawakuelewa lugha yake. Walipoona pango lina unyevu, walikata miti wakamjengea nyumba, kisha darasa, likawa chuo cha Longgang. Yeye aliandika kwamba watu hawa ni kama jiwe la thamani ambalo halijachongwa na ubao ambao haujapigwa randa, na akaipa nyumba ile jina linalouliza: ushenzi uko wapi hapa?

Chifu wa Wayi, An Guirong, alimletea mchele, nyama, kuni, dhahabu, hariri na farasi. Yangming akapokea mchele, kuku, bata bukini, kuni na mkaa. Dhahabu, hariri na farasi akarudisha. Na gavana wa Sizhou alipotuma watu kuja kumtukana, wenyeji waliwatimua kwa kipigo. Ofisa mwingine akamshauri aende akapige magoti kuomba radhi yaishe. Akajibu kwa barua kwamba wenyeji walipigana kwa kuwa walidhalilishwa, wala yeye hakuwatuma. Na kwamba huyu gavana hana cha kumtishia mtu ambaye kila siku anaishi na homa, sumu na mizuka ya porini.

Mlangoni mwa pango kuna misaiprasi miwili mikongwe inayosemekana aliipanda yeye. Kwenye mwamba juu kuna maandishi ya An Guoheng, chifu wa baadaye wa ukoo ule ule wa An, yanayosema kwamba hapa ndipo upendo wa mwalimu Yangming ulipobaki. Na kwenye hekalu la juu kuna chumba kingine cha mfungwa: hapa Chiang Kai-shek, mtawala wa China wakati huo, alimfungia jemadari Zhang Xueliang kati ya mwaka 1939 na 1941, baada ya tukio la Xi'an, ambapo Zhang alikuwa amemkamata Chiang mwenyewe. Miaka zaidi ya 400 imepita, na kilima kile kile kikapewa tena mtu wa kunyamazishwa.

Nataka kusema jambo moja ambalo kama mwalimu limenishika. Kwa wanafunzi wake wa Longchang, Yangming aliandika maagizo manne: kuwa na azma, kusoma kwa bidii, kurekebisha makosa, na kuonyana kwa wema. Katika hilo la nne anasema watu hudai kwamba mwalimu hakosolewi, na kwamba dai hilo ni batili. Nionyeni, anasema, na mwanze na mimi. Huyu ni mtu ambaye mgongo wake ulikuwa na makovu ya kumwonya mfalme. Ningemwelewa kama angejenga darasa la kimya, la kujilinda. Badala yake aliwapa vijana wale ruhusa ile ile ambayo dola lilimnyima. Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kuandika sentensi hiyo ubaoni.

Msichana wa kuuza tiketi alifunga dirisha saa kumi na moja jioni lakini aliniacha nimalize, akakaa kwenye ngazi akisubiri.

Alhamisi: mteremko wa Wugong

Hakuna basi. Nilikodi gari la mwenye nyumba ya wageni kwa yuan 120 kwenda na kurudi, kisha tukatembea juu ya mawe ya barabara ya zamani. Hiyo ni njia ya vituo tisa vya matarishi iliyofunguliwa na She Xiang, malkia wa Wayi, miaka ya 1380. Viatu vya soli ngumu ni lazima. Mawe yana ukungu na yanateleza.

Vuli ya mwaka 1509, ofisa mdogo kutoka Beijing, ambaye jina lake halikujulikana, alipita Longchang na mwanawe na mtumishi wake kwenda kwenye kituo chake cha kazi. Yangming aliwaona kupitia uzio, mvua ikinyesha. Alitaka kuwaendea awaulize habari za kaskazini, giza likamzuia. Kesho yake mchana ikaja habari kwamba mzee amekufa chini ya mteremko huu. Jioni wakawa wawili. Siku iliyofuata wakawa watatu. Akawaita vijana wake wawili wachukue jembe na kapu wakazike. Vijana wakasita. Akawaambia: mimi nanyi ni kama wao. Wakalia, wakaenda, wakachimba makaburi matatu, wakatoa kuku mmoja na bakuli tatu za wali.

Kaburi la watu watatu bado linaonyeshwa. Mwenye gari, kaka wa makamo mwenye maneno machache, alichuma majani kwenye njia akayaweka pale. Nilimwuliza kama huja mara kwa mara. Akasema huja kila akileta mtu.

Ijumaa na Jumamosi

Siku ya kulala Guiyang na siku ya kurudi Zhejiang kwa treni. La kusimulia hakuna.

Jumapili: Shaoxing

Kaburi la Yangming liko karibu na Lanting, nje ya mji. Basi la mjini ni yuan chache, kisha unatembea. Usichanganye na banda la waandishi wa hati nzuri la Lanting, ambalo lina watalii wengi na kiingilio kikubwa. Kaburi liko mbele yake, ngazi ndefu kupanda kilimani, na hakuna anayekuuliza tiketi. Mwaka 1989 lilikarabatiwa kwa michango iliyotoka pia kwa wapenzi wa fikra zake wa Japani.

Je, Liu Jin alidumu madarakani? Hapana: mwaka 1510 alihukumiwa na kuuawa kwa kukatwakatwa, na kufikia hapo Yangming alikuwa ameshatolewa Longchang na kurudishwa kazini. Mwaka 1519 alizima uasi wa mwanamfalme wa Ning kwa majuma machache, na shukrani yake ikawa kuzushiwa na matowashi wengine kwamba alikuwa mshirika wa mwasi. Mwanafunzi wake mmoja alikufa kwa mateso ya gerezani katika kashfa hiyo. Yangming mwenyewe alifariki Januari 1529 ndani ya mashua huko Jiangxi, akirudi kutoka kampeni ya Guangxi huku akiumwa. Mwanafunzi wake Zhou Ji alimwuliza kama ana wosia. Akatabasamu: moyo huu unang'aa, kuna la kusema tena?

Hata kufa hakukumaliza. Waziri Gui E alimshitaki marehemu kwamba aliacha kituo bila ruhusa na kwamba mafundisho yake yanampinga Zhu Xi. Mfalme akafuta urithi wa cheo chake na kupiga marufuku elimu yake. Hata hivyo kumbukumbu za wanafunzi wake zinasema zaidi ya watu elfu moja walikuja kuzika, hapa nilipokuwa nimesimama, wakijua majina yao yangeweza kuandikwa na serikali. Heshima ilirudishwa mwaka 1567, na mwaka 1584 jina lake likawekwa katika hekalu la Confucius.

Nilikuta kundi la walimu wa shule ya msingi wakiwa na wanafunzi wao, watoto wa kama miaka kumi. Mwalimu mmoja aliposikia nami ni mwalimu aliniomba nisimame nao kwenye picha, kisha akawaambia watoto waniulize swali lolote. Mtoto wa kwanza aliuliza kama Tanzania mwanafunzi anaruhusiwa kumwambia mwalimu amekosea. Nilimjibu kwamba wengi wetu bado hatujawaruhusu, na kwamba mimi naanza muhula huu. Basi la mwisho la kurudi mjini linapita mapema kuliko unavyodhani. Ukichelewa, teksi ni kama yuan 40.